Boksi la Mgeni Rasmi

Maboksi yalikuwa sita, na yote niliyabeba mimi kutoka kwenye gari la zahanati mpaka stoo ya shule. Matano makubwa ya miswaki na dawa ya meno. La sita lilikuwa dogo kama tofali, limefungwa utepe mwekundu, ndani yake chupa za dawa ya kupaka meno. Hilo sista wa meno alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Usiliweke juani," akasema. "Hili ndilo lenye kazi."

Pale shuleni nilikuwa mtu wa mkono. Nafagia, naziba bomba, nagonga kengele, nashika ufunguo wa stoo. Shule hiyohiyo niliiacha darasa la sita, nikarudi kwa mlango wa nyuma na ufagio. Walimu walionifundisha bado wapo, na mmoja hakosi kuniambia, "Si tulikwambia?" Waliniambia, ndiyo.

Mdogo wangu alikuwa darasa la kwanza. Nyumbani tunamwita Nukta, kwa udogo aliozaliwa nao.

Siku hiyo sista aliwapanga watoto wa darasa la kwanza, akawamulika midomo kwa tochi mmoja mmoja. Kwa Nukta akakawia. Akaniita.

"Hili gego la nyuma kabisa, chini kushoto. Limeota lini?"

"Sijui, sista. Meno ya huyu yanaota yenyewe, hayapigi hodi."

"Limeota mwaka huu. Halikung'oa jino lolote, limejitokezea kimyakimya, ndiyo maana wazazi wanadhani la maziwa. Si la maziwa. Ni la ukubwani, na yako manne tu ya hivi. Likienda, limekwenda."

Akanionyesha doa la kahawia, dogo kama mbegu ya nyanya. "Bado halijatoboka. Nikilipaka dawa, na akipiga mswaki kila siku mbele ya mtu mzima, atazeeka nalo. Lakini iwe muhula huu."

"Si umpake sasa? Dawa hiyo hapo."

Sista akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama paa.

"Kuna uzinduzi," akasema mwalimu mkuu. "Wafadhili wanataka mgeni rasmi ndiye afungue. Wiki mbili tu."

Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu ilianza na jino.

Kesho yake yakaanza mazoezi. Mgeni lazima akute watoto wanajua, si ndiyo? Kila asubuhi nikishagonga kengele, darasa la kwanza zima linasimama mstari, kila mtoto kanyanyua kidole cha shahada. Mwalimu wao anaimba, "Juu, chini, zungusha," nao wanajisugua meno kwa kidole. "Nyuma kabisa," wanapanua midomo kama vifaranga. "Tema," wanatema. Watoto themanini wanatema na hakuna cha kutema. Mkono mtupu haulambwi, lakini sisi tuliupigia mswaki muhula mzima, hatua kumi kutoka stoo, na maboksi ya miswaki wanayaona dirishani.

Nukta alikuwa hodari kuliko wote. Mpaka usingizini anazungusha kidole.

Wiki mbili zikapita, mgeni akasafiri. Akarudi, akaugua. Mara ya tatu mpaka maturubai tulishafunga, viti nimeshavipanga, ikapigwa simu. Nikavipangua. Muhula ukaisha, ukaingia mwingine.

Utasema, mswaki si upo dukani? Upo, nilinunua. Lakini mimi natoka nyumbani kabla hakujapambazuka nikafungue geti, mama anatoka saa hiyohiyo kwenda kufua nguo za watu, mtoto anabaki na mswaki wake. Anautafuna kidogo, anaulowesha tuuone umelowa, anakimbilia shule. Ndiyo maana sista alitaka wapige mswaki shuleni, mbele ya mwalimu. Na ile ya kupaka dukani haipo.

Nikampeleka Nukta zahanati.

"Kaka yangu," sista akasema, "dawa yote niliyopewa iko kwenye stoo yako. Hapa nina kibrashi cha kupakia tu."

"Basi njoo upake. Ufunguo ninao."

"Nikifungua kabla ya mgeni, mwakani hawaniletei. Nina shule nane, si yenu peke yake."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nilimkuta anapanga hotuba.

"Mwalimu, mpe sista chupa moja. Moja tu."

"Boksi likifunguliwa, mgeni atafungua nini?"

"Kuna mengine matano."

"Yale ni makubwa, hayabebeki. Atapigaje picha?" Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, wewe haraka hii ndiyo iliyokutoa shule."

Nikatoka. Ningesema nililokuwa nalo, ningeacha na ufagio palepale.

Siku moja wakati wa mapumziko nikamwona Nukta anakula mkate kwa upande mmoja, kichwa kakiinamisha kama kuku anayesikiliza. Nikamwambia panua. Nikamulika na simu. Ile mbegu ya nyanya ilikuwa imeshakuwa shimo.

"Linauma tangu lini?"

"Haliumi nikilala huku."

Sikungoja. Watoto walipotoka nikaingia stoo, nikalipindua boksi dogo, nikalichana chini kwa wembe taratibu, nikachomoa chupa moja, nikaliziba kwa gundi ya viatu. Juu utepe uleule, hata hujui. Nikamshika Nukta mkono, moja kwa moja zahanati.

Sista aliiangalia chupa, akaniangalia mimi. Akamlaza Nukta, akagusa lile gego kwa kijiti cha chuma. Nukta akanivuta shati mpaka kifungo kikatoka.

"Umechelewa," sista akasema.

"Mimi?"

Akakiweka chini kile kijiti. "Sisi. Tumechelewa."

"Si uzibe?"

"Limefika kwenye mshipa, na usaha umeanza. Wanaoweza kuliokoa wako hospitali kubwa, nao foleni yao ni ya miezi. Usaha haungoji foleni." Akaigeuza chupa, akaisogeza dirishani. "Na hii imebakiza wiki tatu. Baada ya hapo ni ya kutupa."

Akalikausha kwanza gego mwenzake la chini kulia, akalipaka, na mawili ya juu akayapaka. Kisha akachukua sindano ya ganzi. Jino lilitoka zima na mizizi yake mirefu, si ya mtoto. Akalifunga kwenye pamba akanipa. Sijui alitaka nilifanyie nini.

Jioni mama alirudi, akaona shavu.

"Jamani, mwanangu. Usilie, la maziwa hilo. Litaota lingine."

Nukta akanyamaza palepale. Akanigeukia mimi, kama anataka na mimi nipige muhuri. Mtaani hakuna asiyejua kwamba mdomo wangu hauna breki. Siku hiyo ulikuwa nayo. Nikaenda kuchota maji.

Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anatia kidole kwenye lile pengo, kilekile cha mazoezi, anapapasa kama limeanza.

Mgeni rasmi alikuja. Maturubai, vipaza sauti, viti vya mbele vya kukodi. Mwalimu mkuu alitaka mtoto wa kuonyesha kupiga mswaki jukwaani, akamchagua Nukta, kwa sababu wenzake wote wana mapengo ya mbele na yeye yake bado yamekaa. Nilimwambia mwalimu wa darasa, "Mchague mwingine." Akaniambia nikapange viti.

Mgeni akakata utepe. Akalinyanyua boksi dogo juu ya kichwa ili wapiga picha waone. Gundi ya viatu ni ya viatu. Chini kukaachia, chupa zikamiminika kwenye viatu vyake, nyingine zikabingirika mpaka kwa wazazi. Mwalimu mkuu hakutafuta mkosaji, alinitazama mimi moja kwa moja.

Mgeni akacheka. "Dawa ina haraka kuliko mimi," akasema kwenye kipaza sauti. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sista alikuwa anaokota chupa anazitia kwenye mfuko wa koti, hasomi hata tarehe. Aliijua. Ilikuwa imepita siku kumi na moja. Hakuna mtoto aliyepakwa siku ile. Miswaki iligawiwa, hilo siwezi kukataa, na ni mizuri.

Nukta akapanda jukwaani. Juu, chini, zungusha. Safari hii na mswaki wa kweli, povu la kweli. Nyuma kabisa, akapanua mdomo wote kama alivyofundishwa, na mgeni akainama aone, kipaza sauti mkononi.

"Mrembo, huku nyuma una pengo. Usijali, la maziwa hilo. Litaota."

Makofi. Nukta akanitafuta kwenye umati mpaka akaniona, akatabasamu.

Kesho yake niliitwa ofisini.

"Umechana boksi la mgeni."

"Mwalimu, dawa ilikuwa imeshakwisha muda. Imekwisha muda kwenye stoo."

"Sizungumzii dawa. Nazungumzia boksi." Akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo.

Kwa hiyo sasa asubuhi nipo nyumbani. Mtu mzima wa kumsimamia amepatikana.

Siku ya kwanza nilimkalisha uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatia dawa ya meno kwenye mswaki wake mpya. Akatia kidole kwanza, akapapasa.

"Kaka, litaota lini?"

"Halioti."

Akacheka. "Litaota. Mama kasema. Hata mgeni kasema."

"Mama hajui. Mgeni hajui. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Kidole kikabaki mdomoni. Hakulia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekula fungu lako akakuachia sahani, kisha akakitoa kile kidole, akakifuta kwenye sketi.

"Fungua mdomo," nikamwambia. "Yamebaki matatu."

Akaufunga. Akaubana mpaka midomo ikawa myeupe, macho kwangu. Dawa ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mswaki, tone kwa tone, juu ya kiatu changu. Sikuwa na kengele ya kugonga wala geti la kufungua.

Nikangoja.