Kumwogesha Mzee

Nilikwenda kumchukua mume wangu nikiwa nimefura kwa hasira. Tangu tumpeleke kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kila nikipiga simu naambiwa yale yale: mzee anaoga vizuri, hana shida. Vizuri! Kwangu alikuwa anapigana. Alinimwagia ndoo, nusura anivunje kidole, akakimbia uchi hadi sebuleni, nami na goti langu bovu namfuata na taulo. Ndiyo maana binti yetu alisema, "Mama, utatangulia wewe." Akili za mzee zilishapotea, hilo nililijua. Lakini mtu baki amwogeshe bila fujo, mimi nishindwe? Basi mbaya ni mimi. Nikaapa: nikimwogesha mwenyewe, narudi naye nyumbani leo leo.

Binti alibaki kwenye gari. Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, alinikabidhi sabuni bila ubishi.

"Karibu, mama. Mimi nipo hapa koridoni."

Bafuni kulikuwa na kiti cha plastiki na vyuma vya kushikilia. Nilimkalisha mzee, nikapima maji kwa kiwiko, nikamfungua kifungo cha kwanza cha shati. Akanishika mkono. Nilikunja uso nikisubiri kofi, halikuja.

"Dada, samahani," alisema kwa adabu. "Mimi nina mke."

"Najua."

"Hujui. Yule ni mkali. Akikukuta unanivua shati, wote wawili tutakiona cha mtema kuni."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. "Kumbe unamwogopa?"

"Nampenda," alisema, kama mtu anayetaja kazi yake. Kisha akainama, akashusha sauti. "Kule nyumbani kuna mwanamke alikuwa ananisumbua. Kila siku anataka kunivua nguo. Nilimpiga, Mungu anisamehe. Ukimwona mke wangu, mwambie sikukubali hata siku moja."

Iliniuma, ikanifurahisha, vyote kwa mpigo. Nilitaka kumwambia ni mimi, lakini nilimwona alivyolishika lile shati kwa mikono miwili.

"Nitamwambia," nilisema.

Nikamfunga kifungo, nikatoka, nikampa mhudumu sabuni yake. Aliingia, na muda si mrefu nikasikia maji yakimwagika na mzee akilalamika kuwa ni ya baridi, basi.

Garini binti alitazama nyuma yangu. "Baba yuko wapi?"

"Anaoga," nilisema. "Washa gari, twende."