Taa ya Kumtazamia Mtoto

Mume wangu ni mhudumu wa hoteli, na ugonjwa wa hoteli ameuleta hadi nyumbani. Kule wageni wanakula chini ya taa za njano, basi na sisi jikoni kwetu tukafungiwa za njano, eti zinafanya chakula kivutie. Kivutie nini? Maziwa yalionekana kama chai, wali kama umetiwa bizari, na sisi wenyewe kama picha za zamani zilizosahauliwa kabatini. Nililalamika, akanicheka. Nikaacha, maana nilikuwa na tumbo kubwa na sikuwa na nguvu za kubishana na mtu kuhusu balbu.

Nilipojifungua, mama yangu alikuja kunisaidia. Jiko ndilo chumba chenye joto, kwa hiyo humo ndimo alimomwogeshea mtoto. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na taa inawaka kutwa. Jioni ile mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijadondoka, na mama alikuwa amemlaza mapajani akimpaka mafuta. Mara akaacha. Akambonyeza ufizi kwa kidole, akautazama.

"Huyu mtoto amekuwa wa njano," alisema.

"Mama, mbona hata wewe ni wa njano?" mume wangu alimjibu huku akicheka. "Humu ndani hata mende ni wa njano. Ni taa hizo."

Mama hakucheka. Aliniuliza kama mtoto amenyonya. Nilisema amenyonya, kisha nikasema kidogo. Tangu jana yake alikuwa akishika ziwa na kusinzia papo hapo, na mimi nilikuwa nikijisifu kwa kila aliyekuja kunipa hongera kwamba nimezaa mtoto mpole. Tulimpeleka dirishani, hapakuwa na mwanga wa maana. Tukajaribu tochi ya simu, akafumba macho na kugeuza uso.

"Tubadilishe taa tuone," nilisema.

Mume wangu alisimama achukue mwavuli. Nikamwambia akae, nimeshaona anavyochagua. Mama alinikataza, mzazi mbichi hatoki kwenye mvua, lakini nilishajitupia mtandio kichwani na kuchomoa nepi moja nyeupe kwenye kamba ya kuanikia mle jikoni. Nilitaka iwe taa tu. Njia nzima nilijiambia ni taa, ni taa, ni taa.

Duka la vifaa vya umeme liko pale kona. Muuzaji ana soketi juu ya kaunta ya kujaribia balbu, na mdomo usiochoka.

"Ya pini au ya kuzungusha?"

"Ya kuzungusha. Ya jikoni."

"Ya jikoni chukua hii, dada," alisema, akawasha ya njano. "Inaleta mapenzi ndani ya nyumba."

Nilimwambia mapenzi ninayo, ninachotaka ni kuona. Akafunga ya pili, yenye weupe unaoelekea buluu. Nilitandika nepi chini yake na kuweka kiganja changu juu. Nepi ikawa ya rangi ya maji ya buluu ya kufulia, kiganja kikapauka kama cha mtu aliyeshinda anafua. Hapo nikaelewa kwamba chini ya balbu ile hakuna kitakachoonekana cha njano. Ningeifunga, mama angemtazama mjukuu wake, angesema macho yake yamezeeka, na sote tungekula tukalala. Sijawahi kutamani kitu dukani kama nilivyoitamani balbu ile. Nilimwomba Mungu pale pale kaunta. Sikumwomba anisaidie kuchagua, nilimwomba mwanangu awe mzima chini ya taa yoyote.

"Hiyo ndiyo inayopendwa siku hizi," muuzaji alisema. "Nikufungie?"

Nilikaribia kusema ndiyo. "Ipo nyingine?" nilimuuliza.

Alifunga ya tatu. Nepi ikawa nepi tu, nyeupe, na doa la maziwa pembeni ambalo sikuwa nimeliona. Kiganja kikawa changu.

"Nipe hii."

"Dada, mbona unalia?"

"Ni mvua," nilimjibu.

Nyumbani mume wangu alipanda stuli, akatoa balbu yake ya hoteli, akazungusha mpya. Akashuka, akabonyeza swichi. Ukuta tulioupaka kijani ukarudi kuwa kijani. Sufuria zikang'aa kwa rangi yake. Shati lake la kazi likawa jeupe, mvi za mama zikawa nyeupe, maziwa kwenye kikombe yakawa maziwa. Mama alilifunua jicho la mtoto taratibu kwa kidole gumba. Pale penye weupe palikuwa na njano ya kiini cha yai, na mtoto hakujitikisa hata kwa kushikwa jicho.

Mume wangu alizima taa. Akangoja, akawasha. Mtoto alikuwa vile vile. Akazima tena, akangoja zaidi, na katika giza lile nilimsikia akihema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Washa," nilimwambia. "Hata usipowasha, yuko hivyo hivyo."

"Ngoja kidogo," alisema. "Ngoja kidogo tu, mke wangu."

Mama hakungoja. Alimfunga mtoto blanketi kwa kupapasa, akanitia mikononi, akaufungua mlango wa nje, na kelele za mvua zikajaa jikoni.

"Vaa viatu, mwanangu," alimwambia mkwe wake. "Hospitali hawafungi."