Bati la Pijo ya Salesio

Mithika alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule wa kuoga maji moto ukalala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umeshahamia mgongoni na kuleta vitu vyake vyote. Na aliyemletea uchovu huo ni pikapu moja kuukuu, Pijo ya zamani, ambayo mwenyewe alitaka igeuzwe hotrodi.

Kama hujui hotrodi ni nini, usione haya, hata Makutano nzima, pale Meru, haikujua. Unachukua gari la zamani, unalikata paa liwe fupi, unaishusha bodi mpaka karibu iguse lami. Boneti unaitupa, injini inabaki nje matumbo wazi. Matairi ya nyuma yawe mapana, ya mbele membamba, na ekzosi ingurume mpaka mbwa wa jirani ahame. Kazi yake sasa? Hakuna. Haibebi gunia, haibebi ndizi, haipandi mlima wa matope. Inatazamwa tu! Mafundi wenzake walipita wakicheka, "Mithika, hiyo ni gari ama ni jeneza ya injini?" Naye hakuwa na nguvu hata ya kuwatukana, na Mmeru akikosa nguvu ya kutukana, jua mambo yameharibika.

Mwenye gari aliitwa Kivuti, mtu wa Siakago anayefanya kazi Nairobi. Pijo aliirithi kutoka kwa babake, marehemu Salesio, aliyeiendesha maisha yake yote huko Mbeere. Kivuti hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa simu. Asubuhi simu, mchana simu: fundi umefika wapi, fundi nitumie picha, fundi usiniangushe. Jumamosi hiyo wenye magari ya namna hiyo wangekutana Embu mjini kuonyeshana, na Kivuti alishawaapia marafiki zake kwamba lake litakuwepo kabla ya watu kushika nafasi. Mithika alimjibu sawa, sawa, huku macho yakimwasha kwa moto wa kuchomelea vyuma.

Alhamisi alikuwa chini ya gari, chali, akikaza nati, alipoona miguu ya mwanamke. Viatu vya raba, vimejaa vumbi la huko chini kwenye jua, si udongo wa Meru.

"Hodi hapa, fundi."

"Kama ni jembe la kuchomelea, mama, rudi wiki ijayo," alijibu bila kutoka.

"Si jembe. Nimetoka Siakago. Hii ndiyo gari ya Salesio?"

Mithika alijivuta akatoka, akaketi palepale sakafuni. Mbele yake alisimama mama wa makamo ya juu, nywele zimeanza mvi chini ya kitambaa, mkononi mfuko wa ndengu. Alimpa zile ndengu kwanza, maana mtu wa Mbeere haji kwa mtu mikono mitupu, akasema anaitwa Veronicah na alikuwa jirani ya Salesio. Kisha akalitazama gari.

"Ngai! Mmeifanya nini?"

"Ndivyo mwenyewe alitaka, mama."

"Ile nyuma ilikuwa ndefu. Hapo pa kubebea."

"Nimeikata. Imebaki nusu."

"Ile nusu ingine iko wapi?"

Sasa, Mithika hakuwa na habari ile nusu ilikwenda wapi. Pale kwake vyuma huingia na kutoka. Lakini kukumbuka nako ni kazi, na yeye kazi zilikuwa zimemtosha. Akachukua jibu lililokuwa karibu. "Ilienda na watu wa skrapu."

Veronicah hakulia wala hakugomba. Alisema, "Sawa." Akatafuta tairi kuukuu akakaa. Mithika alirudi chini ya gari. Akashika spana, akaiweka, akaishika tena. Alikuwa akiviona vile viatu vya raba pale kwenye tairi, vimetulia, haviendi popote. Mtu unaweza kushindana na mteja anayefoka. Anayesema sawa halafu akakaa, huyo utamfanya nini? Akatoka tena, sasa na hasira kidogo.

"Mama, hilo bati ulikuwa unalitakia nini? Ni bati tu."

Basi Veronicah akamweleza, polepole, bila kumtazama.

Miaka hiyo, alisema, Siakago watu waliijua gari moja, ya Salesio. Siku ya soko ilibeba mbuzi, siku zingine ikabeba wagonjwa. Yeye alikuwa msichana aliyeolewa juzi, mimba ya kwanza, na uchungu ulipoanza ukakataa kwisha. Salesio akatandika godoro nyuma ya pikapu, mama mkwe wa Veronicah akapanda naye, wakaondoka kwenda hospitali Embu. Mtoto hakungoja. Alizaliwa hapohapo, gari likienda.

"Msichana," alisema. "Na alilia, fundi. Watu huniambia hakulia. Alilia, nilimsikia na masikio yangu. Alilia tangu kule mtoni mpaka kwa ule mteremko mrefu. Halafu akanyamaza."

Mithika alikuwa bado amesimama na spana mkononi.

"Mama mkwe akagonga kwa dereva. Salesio akasimama, akaja nyuma, akaangalia, akavua kofia. Halafu akageuza gari, akanirudisha nyumbani. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nilitaka twende mpaka Embu, hata kama mtoto ameshaenda. Nilitaka daktari amwangalie, aniambie huyu alikuwa mtu. Lakini nani anamsikiliza msichana aliyelala nyuma ya pikapu?"

Walimzika jioni hiyo kando ya migomba, bila msalaba. Baadaye shamba likachimbwa matuta ya kuzuia maji, na leo hakuna anayejua ni wapi. Kwa desturi jina la mama mkwe ndilo angepewa, lakini alipozaliwa Purity, mdogo wake aliyemfuata, akapewa yeye.

"Picha sina. Kaburi sina. Jina analo mdogo wake. Dunia hii yote, mahali mtoto wangu aliishi ni hapo kwa hilo bati, basi. Nikienda soko nilikuwa napitia kwa Salesio, naiona gari imesimama, naigusa kidogo, naenda zangu. Juzi Purity ananionyesha kwa simu, ati mama ona, gari ya Salesio imekatwa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mithika alikuwa na wanawe wote wazima, na hakuwa mtu wa machozi. Lakini aliona haya. Alikuwa amemjibu mama huyu kama anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

"Mlikuwa sehemu gani?" aliuliza. "Mbele ama huku kwa mlango wa nyuma?"

"Mbele, nyuma ya dereva. Kulikuwa na pete ya chuma, ya kufungia kamba. Nilishika hiyo pete mpaka mkono ukachubuka."

Pete! Mithika aliiweka spana chini. Alikumbuka pete. Aliikata kwa grinda huku akiilaani, kwa sababu aliyeichomelea zamani hiyo alikuwa fundi kweli na haikutaka kutoka. Na kwa nini aliikata? Kwa sababu bati lile lilikuwa nene, zuri, chuma cha zamani kisichojua kuoza, na sakafu ya pale kwa dereva na abiria ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi wa Makutano hatupi chuma kizuri. Alikuwa amelikata kwa kipimo na kulichomelea ndani, sakafu mpya.

"Kuja," alisema. "Mama, kuja haraka!"

Alifungua mlango wa upande wa abiria, akainua zulia jipya alilokuwa amelibandika jana tu. Chini yake, katikati ya bati, palikuwa na kovu la mviringo, pale pete iliposagwa.

"Hili hapa. Halikwenda skrapu. Nilikudanganya, mama. Si kwa ubaya, nilikuwa nimechoka tu."

"Najua," Veronicah alisema. "Mtu aliyechoka namjua."

Alivua viatu akaviacha chini. Akaingia kwenye gari, akainama sana kwa sababu paa lilikuwa limefupishwa, akaketi, akaweka nyayo zake juu ya bati. Nje, Makutano ilikuwa ikipiga kelele zake, malori, makanga wa matatu, spika ya mhubiri. Vijana wawili walikuja kuchungulia. Mithika aliwafokea kwa Kimeru, na wakarudi walikotoka upesi.

Alipotoka, Veronicah aliuliza gari linaenda wapi.

"Embu. Jumamosi."

"Embu," alirudia. "Fundi, naomba kitu. Nataka nipande Siakago, nikae hapo, twende mpaka hospitali kwa barabara ile ile. Mtoto aligeuzwa njiani. Hakufika."

Mithika alitaka kukataa. Na afadhali niseme wazi, alitaka kukataa kwa moyo wake wote. Alikuwa na safari moja tu mwilini mwake, ya kulipeleka gari lile kwa mwenyewe kisha arudi alale mpaka asahaulike. "Mama, nitoke barabara kuu nishuke huko kote? Gari hii iko chini. Matuta ya huko yataichuna tumbo, na rangi ni mpya. Na mwenyewe ananingoja."

"Sawa," alisema Veronicah, akainama kuvaa viatu.

"Ai! Hebu wacha kusema sawa!" Mithika alilipuka. "Hiyo sawa yako imenimaliza. Jumamosi asubuhi ukae kando ya barabara. Nikikupata, nimekupata."

Jumamosi alimpata. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, za kitambaa cha bluu, na mikono ameikunja mapajani kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Siakago yote ilikuwa imetoka kuangalia. Wengine walilitambua gari la Salesio kwa pua yake tu, wakapiga makofi, wengine wakainua simu kupiga picha. Veronicah hakuwatazama. Alivua viatu, akapanda, wakaondoka na ngurumo.

Kila tuta Mithika alilipanda kiubavu, gurudumu moja moja, na bado chini kulikwaruza. Kila mkwaruzo aliusikia mbavuni mwake. Kazi ya miezi, akili na jasho, inachunwa na tuta lisilo na hata alama! Alisonya, akauma meno, akaendelea. Simu ya Kivuti ililia, akaiacha. Ikalia tena, akaiacha.

Walivuka daraja la mto. Veronicah alikaa wima. Alikuwa ameikanyaga ile sakafu kwa nguvu, vidole vya miguu vimejikunja. Wakafika mteremko mrefu.

"Hapa," alisema. "Alilia mpaka hapa."

Mithika aliondoa mguu kwenye mafuta. "Nisimame?"

"Usisimame! Hapa ndipo Salesio alisimama. Endesha!"

Akakanyaga. Injini ikanguruma, na ndani ya ngurumo hiyo Veronicah akalia kwa sauti, bila kujizuia, kilio alichokuwa amekatazwa tangu usichana wake. Mithika alitazama barabara tu. Naye machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyapangusa, kwa sababu usukani ule ulitaka mikono miwili.

Karibu na mji simu ililia tena, akasimama kidogo kando akaipokea.

"Fundi, uko wapi? Watu wamejaa, mimi nimesimama hapa kama mjinga!"

"Nimebeba mgonjwa."

"Mgonjwa? Kwa hotrodi yangu?"

"Kivuti," Mithika alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka mno hata haikuweza kugomba. "Hii gari ya babako ilikuwa inabeba nini?"

Kivuti alishusha sauti. "Wagonjwa."

"Basi ningoje," alisema Mithika, akakata.

Kwenye geti la hospitali askari aliwasikia kabla ya kuwaona. Alitoka kibandani mikono juu. "Hapa si maonyesho! Kuna wagonjwa humu! Geuza hiyo kitu, geuza urudi!"

Veronicah aligeuka akamtazama Mithika. Uso wake ulikuwa wa msichana aliyelala nyuma ya pikapu, anayesubiri kuona dereva atafanya nini. Mithika alizima injini, lakini gia ya kurudi nyuma hakuigusa.

Askari akakaribia dirishani, hasira imempungua alipomwona mama mzima ndani. "Mmeleta nani?"

"Mtoto wangu," alisema Veronicah.

Askari aliinama. Viti viwili tu. Fundi mmoja mwenye macho mekundu, na mama mmoja aliyevaa za kanisani, miguu mitupu juu ya sakafu ya chuma. Hakuona mtoto. Akamtazama Mithika, akingoja mwanamume amweleze.

Mithika hakuwa na nguvu ya hadithi ndefu.

"Hatugeuzi, bwana," alisema. "Fungua. Huyu mtoto amekaa njiani sana."

Askari alimtazama tena yule mama, kisha akaenda kufungua geti.