Utani wa Ghorofa

Kasuku alikuwa akiingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni, tena hakutafsiri tu. Mwigizaji akinyamaza, Kasuku alimsemea. Wateja walimpendea hilo hilo.

Katika filamu moja, majambazi walikuwa wakikimbizana juu ya ghorofa, naye akachomekea: "Taratibu jamani! Hili kajenga shemeji yangu. Mtu akipiga chafya tu, tumekwisha!" Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Shemeji mwenyewe, fundi mwashi aliyemuoa dada yake, alicheka kuliko wote.

Mwaka uliofuata, ghorofa alilojenga shemeji liliporomoka mchana kweupe, likaua watu saba. Shemeji akawekwa ndani. Kwa kinyozi wa mtaa, filamu ile ilipooneshwa tena na kufika pale pale, hakuna aliyecheka. Kinyozi alizima televisheni, akaendelea kunyoa bila kumtazama Kasuku.

Kesho yake dada alimfuata kwenye chumba chake cha kurekodia, kilichotundikwa mablanketi ukutani kuzuia kelele.

"Mdogo wangu, wapelelezi wanayo ile filamu. Wanasema hata wewe ulijua jengo ni bovu."

"Dada, ule ulikuwa utani wa mashemeji tu."

"Basi kawaambie hivyo. Waambie umejitungia. Mimi nina watoto watatu."

Alipoondoka, Kasuku alivaa visikizi akajisikiliza. Aliona aibu, tena aibu ya kumkosesha chakula. Jioni moja, kabla ya filamu ile, shemeji alikuwa amekula kwake, akasimulia jinsi mwenye ghorofa lile alivyopunguza nondo za zege, naye shemeji akafumba macho ili asikose kazi. "Pale mtu akipiga chafya tu, tumekwisha," alisema, wakacheka wote wawili. Kasuku alijua kudaka maneno matamu. Aliyadaka hayo, akayatia kwenye filamu, na nondo hakuziwaza tena.

Siku ya kuhojiwa, dada alimsindikiza mpaka ndani, akakaa nyuma yake. Mpelelezi alikionesha kile kipande cha filamu mara moja tu.

"Haya maneno umeyatunga mwenyewe?"

Kasuku aligeuka akamtazama dada. Aliogopa, na alimpenda dada yake.

"Hapana," alisema. "Aliyasema shemeji, mezani kwangu. Nami nilicheka."

Alisikia kiti cha dada kikisogezwa, kisha mlango ukifungwa.