Kitabu Kwenye Debe la Unga

Mkwe wangu, fundi cherehani, aliapa kuwa mwanawe atakuwa msomaji. Kila jioni alimpakata na kumsomea kitabu cha kiboko anayeogopa maji. Mimi, niliyezoea kumhadithia mjukuu wangu, nikaona wivu. Nikakificha kitabu kwenye debe la unga, na kila nilipochota unga nikasoma kwa wizi ukurasa mmoja au mbili.

Mjukuu alipochoka kutafuta akaja kwangu. "Basi bibi, nihadithie wewe."

Nikaanza kwa madaha. Nilipofika pale kiboko anapooga kwa kikombe, cherehani ikanyamaza.

"Mama, hiyo umeisoma wapi?"

Mjukuu akatazama vidole vyangu vyeupe, akakimbilia debe.

Siku hizi tunasomewa wawili, ila kurasa nageuza mimi.