Mfano wa Saba

Chilufya aliandika neno *can*, akaweka mkato, akaisikia tena ile pumzi.

Ilikuwa pumzi ya babake, fupi, ya puani, kama ya mtu anayepumzika katikati ya ngazi. Mzee Donat alizikwa mwezi wa tano. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, saa nane mchana, na jua lilikuwa likipiga bati la kibanda cha Chilufya cha kuchapa na kutoa fotokopi, pale mtaani Makomeno. Hapakuwa na mtu. Kwenye kiti cha plastiki alichozoea kukalia mzee palikuwa na rundo la karatasi tu. Lakini tangu asubuhi, kila alipobonyeza mkato pumzi ilivutwa karibu na sikio lake la kushoto, ikangoja, na sentensi ilipofika mwisho ikatoka.

Alikuwa akinakili kitabu cha babake. Mzee alikuwa karani wa reli aliyejifunza Kiingereza peke yake, kwa kamusi moja na vitabu vya vipuri vya injini. Alipostaafu aliwafundisha madereva wa malori na akina mama wanaovuka mpaka kwenda kuuza Zambia. Aliacha madaftari kumi na moja, sarufi nzima ya Kiingereza iliyoelezwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wake wa zamani, dereva aitwaye Ngosa, alikuwa ameahidi kuyapeleka maandishi Ndola, huko Zambia, kwa binamu yake mwenye mashine ya kupiga chapa. Lori lake lingeondoka kesho saa tatu asubuhi. Kumi yalikuwa tayari. Lilibaki daftari la mwisho, lile ambalo mzee aliliandika kitandani, herufi zikilalia upande mmoja.

Sura ilihusu vitenzi visaidizi, *can*, *could*, *must* na wenzao, na maneno yanayochomekwa nyuma yao. “Mwingereza,” mzee aliandika, “hutanguliza kisaidizi kama mtu anayebisha hodi. Kabla ya kuleta tendo lenyewe anaweza kusimama njiani, aseme ni lini, ni wapi, au ni kwa shingo upande. Mkato huku, mkato huku. Msikilizaji anangoja mlangoni.” Chini yake kulikuwa na mifano. *Jean-Claude can, when he wants to, mend a roof.* Jean-Claude, akitaka, anaweza kutengeneza paa. Huyo alikuwa jirani yao, na paa lao lilikuwa likivuja bado. *My wife could, with one onion, feed six people.* Mama yake, kwa kitunguu kimoja, aliweza kulisha watu sita.

“Tantine Chilufya!” Syntiche, msusi wa kibanda cha pili, alichungulia dirishani na chanuo mkononi. “Kila mwezi unakata nywele sawa askari. Nipe hii kichwa siku moya tu nisuke.”

“Kusuka ni ya benye kuwa na wakati.”

“Aba! Wakati uko nao. Unaogopa mikono yangu.”

Chilufya alitabasamu, akarudi kwenye kazi. Kichwa chake hakikuwa kimesukwa tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Likizo ile walikuwa Kasenga, kwa shangazi Bwalya, na yeye alikuwa akiosha vyombo ukingoni mwa mto Luapula huku akimchunga mdogo wake Aimé, mwenye miaka sita. Binti wa jirani alimwita aje asukwe, mistari miwili tu, na yeye akaenda. Aliporudi sufuria zilikuwepo. Mtumbwi mmoja haukuwepo, wala Aimé, na hakuonekana tena. Babake alifika wa mwisho, akihema, akasema alikuwa sokoni. Hakumgombeza, siku ile wala katika miaka ishirini na minne iliyofuata. Kimya kile Chilufya alikipokea kama hukumu, na hakukata rufaa.

Mikono ya mpiga chapa hutangulia macho yake. Mfano wa saba ulikuwa umeshakaa kwenye skrini kabla hajausoma.

*I could, from where I was standing, have called him.*

Akausoma. Akaurudia polepole, kama babake alivyomfundisha, akilitamka kila neno peke yake. Pale niliposimama, niliweza kumwita, sikumwita. Mfano wa nane ulifuata bila kuruka mstari. *I ought, long ago, to have told his sister.* Ilinipasa, zamani, kumwambia dada yake.

Pumzi ilitoka taratibu, ikakaa mle kibandani na joto.

Ni mifano tu, alijiambia. Akatoka nje, akasimama juani, akarudi. Maneno yalikuwa palepale.

Ngosa alimkuta hivyo, mikono mapajani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kupita injini, na alimwita Chilufya yaya, dada mkubwa. Alilinyoshea daftari kidole.

“Yaya, ungali tu mu ile cahier moya? Lori haingoji muntu!”

“Ngosa, papa alikuwa anatungaka mifano?”

“Kutunga? Maître, mwalimu wetu?” Ngosa alicheka, akaegemea mlango. “Siku moya nilimuletea sentensi, inasema *my uncle can fly a plane*. Akaniuliza, huyu uncle anaitwa nani? Nikasema, Maître, sina uncle. Akafunga buku. Asema, sasa ile ndege nani anaiendesha? Alinirudisha ku nyumba, yaya! Kwake bongo, maneno ya kudanganya, ilikuwa haingie, hata mu mfano.”

Chilufya aligeuza skrini. Ngosa alisoma huku midomo ikicheza, na kicheko chake kikamwishia usoni kidogo kidogo.

“Njo hii,” alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. “Kila mwaka alikuwa anafundisha hii leçon. Anafika pa mfano ya sita, anageuka ku tableau, anainua mukono. Kisha anasema, craie imeisha, chaki hakuna, muende. Siye tulikuwa tunachekaka. Tulikuwa tunasema, sita njo mwisho ya craie ya Maître. Na craie tulikuwa tunaiona, yaya. Ilikuwa mu mukono.”

Chilufya aliigeuza skrini ikamwelekea tena.

“Uitoe,” Ngosa alisema. “Tia mfano ingine, ya lori, ya mvua. Nani atajua?”

“Alikuwa amesimama, Ngosa. Alikuwa anamuona mutoto. Na mimi aliniacha na ile kintu kama yangu.” Sauti ilimpanda hata Syntiche akaacha kuimba kule kibanda cha pili. “Miaka ishirini na ine tulikula naye ku meza moya!”

Ngosa alitazama viatu vyake. Alisema atapita kesho kabla ya saa tatu, akaenda zake bila kupiga honi.

Chilufya aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Akajaribu kuisema sentensi ile kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya babake. *Ningemuita.* Neno moja, limefungwa pande zote kama debe la mafuta. Humo ndani mtu hapati pa kusimama, wala pa kupumua, kabla halijamwisha mdomoni. Akamwona mzee usiku baada ya usiku na kamusi yake, akitafuta lugha yenye upenyo, mpaka akaupata kati ya mikato miwili. Hilo halikumpunguzia hasira. Lakini kidole kilitoka kwenye kitufe, na mfano wa saba ukabaki, na wa nane.

Wa tisa ulikuwa wa mwisho katika daftari. Kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

*Chilufya should not,*

Baada ya mkato hapakuwa na kitu. Chilufya hapaswi. Hapaswi nini? Kulia? Kujilaumu? Kunisamehe? Aligeuza ukurasa, akakuta mistari mitupu hadi jalada. Alichukua karatasi ya pembeni akajaribu kumalizia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila jaribio likawa ni lake, si la mzee. Kazi yake ilikuwa kunakili. Hakuwahi kumwongezea mteja hata nukta.

Aliandika maneno matatu na mkato wake. Pumzi ilivutwa.

Akangoja. Haikutoka.

Saa kumi umeme ulikatika, feni ikazunguka mara mbili ikasimama, na kompyuta ikaanza kulia kwamba betri inakwisha. Alihifadhi kazi, akaizima. Daftari alilishika mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa, akafunga kibanda.

Syntiche alikuwa akifagia nywele za wateja.

“Mistari mbili tu,” Chilufya alimuuliza, “zinachukua wakati gani?”

“Mistari mbili? Robo saa, tantine. Hata maji ya kusonga bukari hayajachemka.”

“Robo saa,” alisema Chilufya.

“Unakaa sasa?”

“Hapana. Niko na kazi sijamaliza.” Alilihamishia daftari kwapani, bila kukitoa kidole. “Kesho nitafika mapema, unisuke.”