Utomvu wa Papai

Mathe alikuwa amemaliza miaka miwili kwenye depo ya kahawa pale Kimemi, mjini Butembo, na hakuna aliyewahi kuona mikono yake wazi. Jua liwake, vumbi la maganda limwingie shingoni, yeye na shati lake la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Wenzake walidhani ni mambo ya kanisa.

Chini ya mikono ile ya shati kulikuwa na makovu, alijitia mwenyewe, kule Beni, mwaka ule mkewe na mtoto wao walipouawa wakitoka shambani. Siku hizi hakujiumiza tena. Lakini wakiona tu, kazi imekwisha, hilo alilijua. Alimwona Nadège, mchambua kahawa, aliyelia juma zima baada ya kufiwa na kaka yake. Gérant Phinées, msimamizi wa depo, alimwambia aende apumzike kidogo. Kabla ya Ijumaa kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mpaka leo mtu akisahau kitu, depo nzima inamcheka: "Eeh, unafanya Nadège!" Mathe naye hucheka.

Basi zikaja fulana za polo za défilé, gwaride la Mei Mosi, za njano, mikono mifupi. Phinées akataka kila mtu ajaribu ya kwake mbele yake, isiyoenea irudishwe mapema.

"Mathe, vaa basi," alisema Mariette, secrétaire. "Ama uko na tumbo ya kuficha?"

Watu wakacheka. Mathe akavaa. Mikono yake ikawa wazi.

"Ile ni nini?" Phinées aliuliza.

"Utomvu ya papai, patron. Nilikuwa nagema kule Kalunguta. Iliniunguza."

Ulikuwa uongo mzuri. Wagema papai, wanaochanja matunda mabichi kukinga utomvu wa kuuza, wote huunguzwa ngozi nao, na Butembo nani asiyejua? Shida ilikuwa Kahongya, mpima magunia, aliyegema papai Kalunguta miaka kumi na mitano. Phinées akamgeukia, akimwita Yaya, kaka mkubwa, kama wote.

"Yaya Kahongya, weye ni wa kule. Ni kweli?"

Kahongya aliushika mkono wa Mathe, akaugeuza kwenye mwanga. Makovu yake mwenyewe yalikuwa mabaka mapana, kama uji uliomwagika. Haya ya Mathe yalikuwa mistari, imenyooka, imepangana. Akauachia mkono.

"Ni kweli," alisema. "Utomvu ni mubaya."

Saa sita Mathe alimfuata nyuma ya stoo. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Beni alitaka kusema yote, majina yao, siku ile, njia ile.

"Yaya, aksanti. Nilitaka nikuambie..."

"Hapana. Usiniambie kitu, petit, mudogo wangu. Mi nimeona utomvu."

"Mais, lakini unajua..."

"Niko na batoto sita. Gérant akijua nilijua, tunatoka sisi wawili. Donc, basi, nimeona utomvu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kahongya akabeba sahani yake, akaenda kula na wachambuaji.

Siku ya défilé walipangwa wawili wawili. Mathe alipewa Kahongya, lakini Kahongya akasema magoti yanamuuma, atatembea nyuma kabisa. Mariette akaja kusimama mahali pake. Akautazama ule mkono, akaugusa kwa kidole.

"Masikini, ile utomvu. Iliuma?"

"Iliuma sana," alisema Mathe. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo.

"Ona basi vile ile mapapai inaumiza watu!" alisema Mariette. Fanfare ikaanza kupiga tarumbeta, wakatembea.